Ukuta wa Bwana Kesho

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikokuwa na kazi. Mtaani kote aliitwa Bwana Kesho. Hata dada yake wa tumbo moja, aliyemjua tangu enzi za kulilia sukari, alimwita hivyo alipotaka kumtania, na dada huyo hakuwa mvivu wa kutania.

Alikuwa na ukumbi wa gemu katika chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na wazazi. Runinga zilipangwa ukutani kwa mstari, mbele yake mabenchi yaliyong'aa kwa kukaliwa, na juu feni ya dari iliyozunguka huku ikilalamika. Nyuma ya pazia kulikuwa na meza ya ufundi, maana mwenyewe alikuwa fundi wa mashine hizo kabla hajawa mwenye ukumbi. Ukipita hapo unatokea kwenye ua mdogo wenye kamba za kuanikia nguo, na vyumba walimoishi watu watatu: yeye, dada yake aliyekuwa mshonaji, na binti wa dada huyo, ambaye kila mtu alimwita Kapteni.

Jina la Bwana Kesho alilipata kwa haki. Kampuni kubwa mbili za mashine za gemu zilikuwa zikishindana miaka nenda miaka rudi, kila moja ikichungulia sufuria ya mwenzake. Pale ukumbini hakuna aliyezitaja kwa majina yao ya dukani. Moja iliitwa Mnara, kwa sababu mashine yake ilisimama wima. Nyingine Tofali, kwa sababu yake ililala, nzito na ya pembe nne. Ilikuwepo na ya tatu, ya kimashine cha kushika mkononi, lakini hiyo ilishika njia yake yenyewe na haikumkosesha mtu usingizi. Ubishi ulikuwa wa Mnara na Tofali, na watu wa huku hawakukutana na wa kule: ukiwa na Mnara unacheza na wenye Mnara, basi.

Kila baada ya miaka kadhaa kampuni hizo hutoa kizazi kipya, na kabla hazijatoa, kila mwenye mdomo hutabiri. Wengi hutabiri kwa kusoma uvumi mtandaoni. Bwana Kesho alitabiri kwa bisibisi.

"Kampuni haibadiliki siku ya sherehe," alikuwa akiwaambia waliomzunguka mezani. "Inaanza kubadilika kimyakimya, kwenye mashine hii hii uliyonayo. Fungua ya mwanzo, halafu fungua ya mwisho, utaona. Wakitaka ufungue, wanakuwekea skrubu. Wasipotaka, wanakuwekea gundi. Msisikilize wanachosema. Angalieni walipopaka gundi."

Kizazi kilichopita ndicho kilichompa jina. Alikuwa amegundua kwamba kwenye Tofali za mwisho, kile kinywa cha kuingizia diski kilishikiliwa na vibanio viwili vya plastiki tu, kama mgeni aliyekalishwa karibu na mlango. Akaandika ukutani kwake kwa rangi: Tofali mpya itakuja bila kinywa. Walimcheka mpaka wakachoka kucheka. Mashine ikaja, haina kinywa. Vijana walimbeba mabegani mtaa mzima, na kuanzia siku hiyo kichwa kilimvimba kidogo. Tuseme kweli, ni nani kisingemvimba?

Hayo ya kuandika ukutani yanahitaji maelezo. Ng'ambo ya barabara, barabara yenyewe nyembamba kiasi cha kupeana kiberiti kutoka dirishani, kulikuwa na ukumbi mwingine wa mtu aliyeitwa Profesa. Uprofesa wake ulikuwa wa miwani, na wa kuanza kila sentensi kwa neno "kimsingi". Uvumi wa kizazi kipya ulipoanza, kila mmoja aliandika utabiri wake kwenye ukuta wa mbele wa ukumbi wake, herufi kubwa, na maneno yalibaki pale mpaka mashine zifike. Aliyekosea, mpinzani wake alivuka barabara na kopo la rangi akayafuta, na aliyekosea ndiye aliyemletea kiti cha kusimamia. Watu walipenda hicho kiti kuliko mambo mengine yote.

Ilikuwepo sheria nyingine ambayo haikutamkwa na mtu. Mwenzako akishaandika, huandiki hilo hilo. Ukiandika hilo hilo umenakili, na ukiuacha ukuta mtupu umeishiwa.

Sasa nirudi kwa Kapteni, kwa kuwa bila yeye haya yote yangekuwa maneno ya barazani tu.

Binti huyu alipokuwa bado shuleni mikono yake ilianza kuchoka. Mwanzoni kalamu ilimtoka, kisha kijiko, kisha madaktari wakampa mama yake jina refu la ugonjwa na kumwambia kwamba miguu itabaki lakini vidole havitarudi. Aliacha kutoka nje, isipokuwa kwenda kliniki kila siku kunyooshwa vidole. Rafiki zake walikuja, wakaja mara chache, wakaacha kuja. Mjomba wake akachukua ubao wa meza iliyovunjika, akaupigilia vitufe vikubwa vya kubonyeza kwa kiwiko, akaweka mti mfupi wa kusukuma kwa kidevu na pedali mbili za kukanyaga, na nyuma yake kifaa kidogo alichokilehemu mwenyewe, cha kuidanganya mashine iamini kwamba kilichochomekwa ni padi halisi ya kiwandani, ile ya kuchezea kwa vidole. Waliuita Ubao tu. Alipoukamilisha, mama mtu alifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akishona, akalia bila kuficha.

Kwa Ubao huo binti aliingia kwenye mchezo wa kulinda ngome, unaochezwa na watu watano watano, kila mmoja kwake, wakisikilizana kwa maikrofoni. Hakuwa mwepesi. Lakini alikuwa na jicho la kuona adui atatokea upande gani, na sauti ya kuwaambia wenzake bila kupayuka, wakamfanya nahodha. Wanne hao hawakuwahi kumwona. Walimjua kwa sauti, na kwao alikuwa Kapteni, hakuwa mgonjwa wa mtu. Jioni jioni sauti yake ilisikika uani ikitoa amri, na mama yake akiwa kwenye cherehani alikuwa akitabasamu peke yake.

Basi uvumi wa kizazi kipya ukaanza. Mchezo wa ngome ulitangazwa kuhamia kwenye mashine mpya, zote mbili, na ule wa zamani kufungwa. Kikosi cha Kapteni kilipaswa kuchagua: wote wahamie Mnara, au wote Tofali. Wakigawanyika, kikosi kimekufa. Na kwa Kapteni lilikuwepo swali zito zaidi ya picha na kasi: mashine ipi mpya ingeukubali Ubao?

Bwana Kesho alikuwa na jibu. Asubuhi moja aliletewa Mnara wa toleo la mwisho, umeunguza feni. Alipoufungua aliona, nyuma ya tundu la padi, chipu ambayo kwenye matoleo ya awali haikuwepo, imefunikwa kwa gundi nyeusi pande zote. Alikwangua gundi taratibu, akafuatilia nyaya zake kwa lenzi. Chipu hiyo ilikuwa ya kuiuliza padi imezaliwa wapi. Kwenye mashine hii ilikuwa imelala, haijaunganishwa na kitu. Lakini mtu hajengi geti asilokusudia kulifunga. Alikaa nayo kiganjani, akaufikiria Ubao. Alipofungua Tofali ya toleo la mwisho kulinganisha, alikuta tundu lake liko wazi na skrubu zake ni za kawaida, za bisibisi yoyote ya jikoni. Mambo yalikuwa meupe. Mnara wangefunga, Tofali wangeacha wazi.

Kesho yake alitoka na kopo la rangi ili aandike hivyo hivyo. Ng'ambo, Profesa alikuwa juu ya kiti, anamalizia neno la mwisho, na watu wamejaa kama kuna ajali.

MNARA MPYA UTAKATAA PADI ZA KUUNDA, ulisema ukuta wa Profesa. TOFALI ITAZIPOKEA.

"Kimsingi, mimi nimemaliza," Profesa alisema akishuka. "Haya, ndugu yangu, tupe na la kwako."

"Leo bingwa kawahiwa," mtu mmoja akasema nyuma, na kicheko kikapita.

Bwana Kesho alisimama na brashi mkononi. Alijua kwamba Profesa hakufungua mashine yoyote. Aliokota tu mtandaoni, akabahatisha. Hilo ndilo lililomchoma. Yeye aliyekwangua gundi aje aonekane mnakili wa mtu aliyebahatisha. Neno "tuko pamoja" lilifika kwenye ncha ya ulimi. Kusema lisingemgharimu kitu isipokuwa kicheko cha asubuhi moja. Akalimeza, akageukia ukuta wake, akaandika:

MNARA UTAFUNGUA MILANGO. PADI ZOTE ZITAINGIA.

Watu wakashangilia, maana sasa palikuwa na ligi. Naye alijiambia kwamba ukuta ni mchezo, kila mtu anajua ni mchezo. Ya Kapteni angemwambia pembeni, kwa sauti ya chini, kama mjomba na mpwa wake.

Lakini hakumwambia siku hiyo, wala siku iliyofuata. Ilikuja siku yuko uani anakunywa chai, dada yake anakata kitambaa juu ya mkeka, Kapteni akatoka chumbani na uso uliochangamka.

"Mjomba, nimewaambia. Tunaenda Mnara."

"Nani kasema Mnara?" aliuliza, na kikombe kikasimama njiani.

"Wewe. Si umeandika? Kifimbo na mwenzake mmoja walikuwa wanataka Tofali, wakanibishia sana. Nikawaambia mjomba wangu ameandika ukutani, na mjomba wangu hakosei. Wakanyamaza."

Dada mtu aliinua macho kutoka kwenye mkasi. Alikuwa mwanamke wa utani, lakini safari hii hakutania. "Kaka, una uhakika? Maana huyu akishawapeleka wenzake huko, hakuna kurudi."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi, na waliokuwepo ni watu wake wawili tu, hakuna wa kumcheka. Sijui ni kitu gani kinachomfanya mtu aogope kupungua hata mbele ya wanaompenda. Labda mbele yao ndipo anapoogopa zaidi.

"Si nimeandika?" alisema Bwana Kesho.

Dada akarudi kwenye kitambaa chake.

Kuanzia hapo hakuwa na raha. Chai haikupita vizuri, na vijana walipomtania kuhusu ukuta alijibu kwa mkato. Alijipa moyo kwamba geti likifungwa atachonga ufunguo: alijifungia nyuma ya pazia na ile chipu iliyolala, akajaribu kutengeneza kifaa kipya cha kuidanganya. Kwa kuwa chipu haikuwa macho, hakujua itauliza swali gani, na alikuwa akitunga majibu ya swali asilolisikia. Dada yake alimwona anakonda. Akadhani ni mapenzi, akaanza kumuuliza kwa utani ni binti wa nani.

Mashine zikafika. Watu wa kikosi walibadilisha mashine dukani, wakatoa za zamani wakapewa Mnara mpya. Mama Kapteni aliuza cherehani yake ya pili, akaleta mashine ya kwao imefungwa kwa utepe, eti ni zawadi. Waliisimamisha juu ya meza ya uani. Bwana Kesho alichomeka Ubao, na kwenye skrini yakatokea maneno meupe juu ya weusi: Kifaa hiki hakitambuliki.

"Chomoa, uchomeke tena," alisema dada.

Akachomoa, akachomeka. Akaleta kifaa kipya alichokuwa akikichonga, akakijaribu. Akabadilisha waya, akalehemu upya, akapuliza tundu kama mtu anayewasha jiko. Maneno yalikuwa yale yale, na mashine haikuonyesha hata dalili ya kukasirika. Kapteni alikuwa amekaa mbele yake na vidude vya kusikilizia masikioni, kwa kuwa sauti ilikubali, mikono ndiyo iliyokataliwa. Wenzake walikuwa wameshaingia ngomeni. Walisikika kwa mbali, vijisauti vyembamba vikitoka kwenye vidude vile: Kapteni, uko wapi? Kapteni, tunakungoja wewe.

"Anzeni," aliwaambia. "Mama ana kazi kidogo, namsaidia."

Kwa mikono ipi, mama mtu alifikiri, akaingia ndani asije akaonekana uso.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Bwana Kesho alilehemu asubuhi na mchana, ukumbi akauacha ujiendeshe. Kapteni aliwaambia wenzake leo mafua, kesho umeme, mpaka visingizio vikaisha. Jioni moja Bwana Kesho alikuwa nyuma ya pazia lake, na binti akiwa uani mbele ya mashine, akasikia kila neno.

"Hapana, mashine ni nzima," Kapteni alikuwa akisema. "Nimechoka na gemu, jamani. Nimekua sasa. Kifimbo ashike unahodha, anawaza vizuri kuliko anavyodhani."

Walikuwa wakimuuliza kitu.

"Mjomba? Mjomba hajakosea. Ubao unaingia vizuri kabisa. Mimi tu ndiye sitaki."

Kichuma cha kulehemu kilikuwa mkononi mwa Bwana Kesho, na harufu ya meza kuungua ndiyo iliyomshtua. Alilia kama mtu mzima anavyolia, mdomo umefungwa. Kisha akapiga moyo konde, akatoka uani, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, karibu na miguu ya mpwa wake.

"Mwanangu, nilijua," alisema. "Nilifungua Mnara wa mwisho, nikaona chipu. Gundi ilikuwa imenionyesha kila kitu. Nilijua watafunga."

Kapteni alimgeukia. Mikono yake ilikuwa mapajani, mahali ilipowekwa.

"Ulijua kabla ya kuandika, au baada?"

"Kabla."

"Basi uliandika kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya watu."

"Watu gani, mjomba?"

Alitaka kuwataja. Alimkumbuka yule aliyesema bingwa kawahiwa, akagundua kwamba hata sura yake haikumbuki.

"Nitakutafutia Tofali," alisema. "Ile itaupokea Ubao. Nitauza hata runinga za ukumbini."

"Nicheze na nani?" aliuliza Kapteni. Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa afadhali angeuliza kwa hasira.

Haikupita siku nyingi, Profesa akavuka barabara na kopo lake. Watu walikusanyika, lakini hawakucheka sana, kwa kuwa habari za Ubao zilikuwa zimeshatembea. Profesa mwenyewe alikuwa ameshika brashi kwa nyuma, kama mtu aliyekuja na zawadi isiyofaa.

"Kimsingi," alisema, akakwama, akavua miwani akaifuta. "Tunaweza kuliacha mwaka huu, ndugu yangu. Si lazima."

"Usipake," alisema Bwana Kesho. Alikuwa amejiandaa. Alisimama katikati ya mlango na sauti yake ikafika mpaka ng'ambo. "Acha yakae. Nilijua ukweli nikaandika uongo, ili nisionekane nimekunakili. Sitaki yafutwe. Yakae hapa miaka yote, kila anayepita ayasome, anijue mimi ni nani."

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alihisi kifua kimekuwa chepesi. Mzee mmoja aliinamisha kichwa kwa heshima, na Bwana Kesho alimwona akiinamisha.

Kapteni alikuwa amefika mlangoni nyuma yake, mama yake kamshika bega. Alikuwa anatoka kwenda kliniki, kama alivyotoka kila siku kunyooshwa vidole visivyonyooka, na njia ilikuwa moja tu, chini ya ukuta ule.

"Mwache apake, mjomba," alisema.

"Hapana, mwanangu. Nastahili. Acha niaibike."

"Wewe unakaa ndani, nyuma ya pazia," alisema Kapteni. "Mimi ndiye ninayepita hapa kila siku."

Profesa alifungua kopo. Bwana Kesho akaingia ndani kumletea kiti.